Je, wajua: mwendo wa hidrojeni ndani ya chuma hupimwaje?

Boti la chuma likipandishwa chelezo hapa Unguja, chungulia karibu na rafadha. Mara nyingi utaona vipande vya zinki vimefungwa kwa bolti. Zinki inaliwa na maji ya chumvi ili chuma kisiliwe: elektroni zake huhamia kwenye chuma, na zikizidi, maji yanayokigusa huvunjika yakatoa hidrojeni. Nyingine hupanda kama mapovu. Nyingine, atomu mojamoja, hupenya ndani ya chuma chenyewe, na feleji ngumu ya bolti ikishiba hidrojeni huwa kama kigae. Hukatika ghafla bila kupinda.

Sasa atomu inayotembea ndani ya kitu kigumu utaipimaje mwendo? Huioni, na ukikata chuma inatoroka.

Mwaka 1962, wanasayansi Devanathan na Stachurski walichapisha njia ya ajabu kwa wepesi wake. Wao walipima metali iitwayo paladiamu. Leo njia hiyo inatumika kwa feleji na aloi nyingine, yaani metali zilizochanganywa. Bati jembamba la aloi husimamishwa kama ukuta kati ya vyombo viwili. Upande mmoja umeme unazalisha hidrojeni usoni mwa bati. Upande wa pili kuna maji ya kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni ya mwani kule Paje, na uso wa bati umewekewa volteji ya kuinyang'anya elektroni kila atomu inayochomoza. Atomu moja, elektroni moja. Basi mita ya umeme inahesabu atomu!

Mwanzoni mita imetulia tuli. Kisha mkondo unapanda, hadi unafika kiwango chake na kubaki hapo. Chukua muda wa kufikia asilimia 63 ya kiwango hicho. Zidisha unene wa bati kwa unene, gawanya kwa mara 6 ya muda huo, umepata kipimo cha msambao, yaani jinsi hidrojeni inavyosambaa upesi ndani ya bati. Unene ukiwa mara 2, kungoja kunakuwa mara 4, maana atomu haiendi njia iliyonyooka. Inarukaruka mbele na nyuma kama mgeni aliyepotea vichochoroni Mji Mkongwe.

Linalonivutia zaidi ni kurudia. Iache hidrojeni itoke, kisha anza upya na bati lilelile: mara nyingi mkondo wa pili huwahi kuliko wa kwanza. Ndani ya aloi mna mitego, kama mipaka ya punje za chuma na chembe za kabidi (kaboni iliyoungana na metali), inayonasa atomu zinazopita. Safari ya kwanza mitego hiyo ilibidi ijazwe. Ya pili, baadhi imeshajaa. Ukilinganisha mikondo hiyo miwili unajua hidrojeni kiasi gani imebaki imenaswa, na bati bado zima mkononi.