Debiti si hasara: yanayosemwa vibaya kuhusu kozi ya mtandaoni ya vitabu vya hesabu

“Mimi hesabu zilinikataa tangu shule.” Ndilo jibu la kwanza ninalolipata kila ninapomshauri mwenye duka asome mtandaoni kozi ya awali ya kutunza vitabu vya hesabu. Hesabu zilizomo humo ni kujumlisha na kutoa, kuzidisha kidogo, na asilimia zamu ya kodi ikifika. Muuza genge anayerudisha chenji ya elfu kumi huku akimjibu mteja wa pili anazijua zote. Kinachowatoa watu jasho ni swali jingine kabisa: kitabu hiki ni cha nani?

Chukua mama mwenye duka la rejareja Mbagala. Jioni anabeba kilo mbili za unga kutoka dukani kwake, anakwenda kusonga ugali. Kwake yeye hakuna kilichotokea. Unga wake, duka lake. Kwa upande wa vitabu, mama na duka ni watu wawili. Unga umetoka bila kulipiwa, kwa hiyo unaandikwa kuwa matumizi binafsi ya mwenye mali, na mtaji wake unapungua kwa kiasi hicho. Asipouandika, mwisho wa mwezi faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo, naye ataanza kumshuku kijana wa dukani.

Dhana inayoshika mizizi kuliko zote ni kwamba debiti ni hasara na krediti ni faida. Siwalaumu wanaoamini hivyo, maana wanaoipalilia ni benki zetu wenyewe. Ujumbe unaingia kwenye simu: akaunti yako imekreditiwa shilingi 200,000. Unatabasamu. Ukitoa fedha, taarifa ya benki inaandika debiti. Mtu aliyepokea ujumbe wa namna hiyo miaka kumi anaingia kozini, halafu somo la pili au la tatu linamwambia kwamba fedha zikiingia, aiandikie akaunti yake ya benki debiti. Wengi huachia hapo, wakidhani mwalimu kakosea.

Mwalimu hajakosea, wala benki haijakosea. Benki inaandika kwenye vitabu vyake, si vyako. Ukiweka 200,000, benki imeingia deni kwako, na deni lake linakaa upande wa krediti. Kwenye vitabu vyako fedha hizohizo ni mali, na mali ikiongezeka huandikwa debiti. Muamala ni mmoja, vitabu ni viwili. Usije ukageuza sasa ukasema debiti ndiyo neema: kodi ya fremu unayolipa kila mwezi nayo ni debiti, kwenye akaunti ya matumizi. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni wa kulia, basi. Wema na ubaya tumeupachika sisi.

Hapa kuna dhana ndogo ambayo kozi zenyewe huisambaza: kwamba mtawa wa Italia, Luca Pacioli, ndiye aliyebuni utaratibu huu wa kuandika kila muamala mara mbili kwenye vitabu vyako, debiti kwenye akaunti moja na krediti kwenye nyingine. Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 akaueleza vizuri. Wafanyabiashara wa miji ya Italia walikuwa wakiutumia tangu kabla hajazaliwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Kozi nyingi ni za Kiingereza, na tukitafsiri kichwani tunakutana na wadai na wadaiwa. Wadai ni wale unaopaswa kuwalipa, wadaiwa ni wanaopaswa kukulipa wewe. Nimeona daftari lililopangwa vizuri kabisa ambalo mwenye jumla aliyekopesha mzigo wa mchele amewekwa pamoja na wateja waliokopa sabuni. Andika maana zake kwenye jalada la ndani la daftari, na usione haya kufungua hapo.

“Urari wangu umelingana, nimemaliza.” Urari ni ile orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti huku, krediti kule. Jumla zikilingana, umethibitisha jambo moja tu: kila debiti ilipata krediti ya kiasi kilekile. Umenunua friji ya kuuzia soda ukaiandika kwenye manunuzi ya bidhaa? Utalingana. Ankara imeangukia nyuma ya rafu na haikuandikwa kabisa? Utalingana pia. Ndiyo maana kuna usuluhishi wa benki, yaani kupitia daftari lako la fedha na taarifa ya benki mstari kwa mstari, sehemu ambayo wanafunzi wa mtandaoni huiruka kwa sababu video yake inachosha. Inachosha kweli. Urari ukigoma kulingana, gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda umegeuza tarakimu mahali, ukaandika 54,000 badala ya 45,000.

Kuhusu programu za kompyuta sina mengi. Zinajumlisha vizuri kuliko mimi. Lakini programu haijui kama 60,000 zilizotoka kwenye simu ni za mzigo au za ada ya mtoto, na mtu asiyejua tofauti hiyo ataipa jibu lolote alilonalo.

Wapo wanaodhani kozi ya bure haina kitu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kina kozi ya utangulizi ya bure kwenye jukwaa lake la OpenLearn, ya takriban saa 8, na debiti yake ni ileile ya Kariakoo. Kinachobadilika ukivuka mpaka ni kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, Uingereza ni asilimia 20, Kenya 16, Tanzania Bara 18. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, hutaisikia humo hata mara moja.

Kozi hiyo haikufanyi mhasibu. Kusajili wahasibu Tanzania ni kazi ya NBAA, bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake ina ngazi zake hadi CPA, ya mhasibu kamili; Kenya mitihani ni ya bodi ya KASNEB. Anayetafuta ajira ya uhasibu aichukue kozi ya mtandaoni kama kionjo.

Mwenye duka hesabu yake ni tofauti. Jedwali la kodi ya makadirio, inayopimwa kwa mauzo ya mwaka, la Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) lina safu mbili: ya wanaotunza kumbukumbu na ya wasiotunza. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2019, mauzo ya mwaka ya kati ya milioni 4 na milioni 7 yanamgharimu asiye na kumbukumbu shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4; aliyeuza milioni 5 analipa 30,000. Viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo tazama jedwali la mwaka wako kabla ya kwenda kaunta, na daftari uwe nalo mkononi.