Ukienda kula Thessaloniki usiagize kila mtu sahani yake

Mimi ni mpishi, kwa hiyo watu wakienda Ugiriki wananiuliza wakale wapi Athens, na mi nawajibu kama safari yenyewe ni ya msosi basi pandeni juu kaskazini hadi Thessaloniki. UNESCO waliuingiza kwenye miji yao ya mapishi mwaka 2021, wa kwanza kwa Ugiriki, na sikushangaa hata kidogo.

Ishu ni uagizaji. Mgeni akikaa anafungua menyu anatafuta sahani yake, mwenzake naye yake. Wenyeji hawali hivyo, wao wanaagiza meze, visahani vidogo vidogo vinawekwa katikati kila mtu anachokoa, huku tsipouro inashuka taratibu (pombe yao ya zabibu, ni kali, usiigeuze bia). Na vyakula vinakuja vikiiva, havisubiriani, kwa hiyo usimkoromee weita eti mbona pweza kaja kabla ya saladi, jiko la meze ndo linavyofanya kazi: cha baridi kinatoka fasta, cha kukaanga kinafuata, cha oveni kinachelewa. Agizeni vitatu vinne, mle, ndo muongeze. Mkiagiza kumi kwa mpigo meza inajaa na vya moto vinapoa mnaviangalia.

Usikose wali wa kome, kome wengi wanafugwa hapo hapo ghuba ya Thermaikos upande wa Chalastra. Na utaona viungo vinatumika kwa ujasiri kuliko Athens, jira, mdalasini, pilipili kavu ya chengachenga wanayoiita boukovo. Sababu kubwa ni wakimbizi, maana baada ya vita ya Ugiriki na Uturuki iliyoisha 1922 na mabadilishano ya watu kati ya nchi hizo ya 1923 Wagiriki wengi waliotolewa Uturuki walifikia huku na mapishi yao kichwani, ndo maana zile soutzoukakia, kofta ndefu ndefu, zinanukia jira.

Muda nao: ukiingia saa moja jioni utakula na watalii wenzako, wenyeji wanaanza saa tatu na kuendelea. Ladadika, yale maghala ya zamani ya mafuta, ni pazuri kwa picha, ila kwa tumbo mi naenda vijiwe vya ndani ya soko la Kapani, mchana. Usiku wa manane watu wakitoka klabu wanakula patsas, supu ya utumbo yenye siki ya kitunguu saumu, hapo Mbongo yeyote yuko nyumbani.

Bili hailetwi mpaka uiombe, wanaona ni kukufukuza. Mkate unaweza kukuta umechajiwa hata kama hukuuagiza, ni kawaida, lakini kitindamlo mara nyingi ni ofa ya nyumba. Wasipokupa risiti sheria inasema huna wajibu wa kulipa, imeandikwa kwenye menyu yenyewe. Ila samaki wakubwa bei yao ni ya kilo si ya sahani, mwambie weita akupimie kabla samaki hajaingia jikoni, hapo ndo wengi wanapopigwa.