Kunywa Kabla ya Kiu, na Dhana Nyingine Zinazowaponza Wakimbiaji wa Jangwani

Karibu kila mtu anayekuja kwangu kupimwa kabla ya Marathon des Sables, mbio za takribani kilomita 250 zinazokimbiwa kwa siku kadhaa katika jangwa la kusini mwa Morocco tangu mwaka 1986, hunieleza kwa fahari kwamba amejizoeza kunywa maji kabla hajahisi kiu. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, hata siku hizi huanza kulijibu kabla mgeni hajaketi.

Ukweli ni kwamba jangwani maji huweza kuua kwa wingi kama yanavyoua kwa uchache. Mwili ukifanya kazi ngumu kwa saa nyingi, ubongo huweza kuendelea kutoa homoni inayozifanya figo zibanie maji, hata pale yanapokuwa yamezidi. Anayekunywa kupita jasho lake damu yake huzimuka, na sodiamu, yaani madini ya chumvi yaliyomo kwenye damu, ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, hiyo ni hiponatremia. Ikishuka sana na kwa haraka, ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Marathoni ya Boston ni ya siku moja tu, lakini mwaka 2002 asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni walikutwa na hali hiyo, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Wanaokwenda polepole ndio wenye muda mrefu zaidi wa kunywa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za aliyekaukiwa, hivyo wenzake humhimiza anywe tena. Mtazameni vidole kwanza: pete iliyokuwa ikizunguka asubuhi na sasa haivuki kifundo inapaswa kuwatia shaka. Nikifika hapo huambiwa, “Lakini daktari, mimi natumia vidonge vya chumvi.” Vidonge hivyo havimkingi anayekunywa kupita kiasi. Wala maji ya mgawo anayopewa mkimbiaji hayana sharti la kumalizwa tumboni. Yanayobaki lowanishia kitambaa cha shingoni. Sisemi mtu ajinyime, kwa maana kukaukiwa na kuzidiwa na joto ni hatari za kweli. Nasema kiu ndiyo kipimo.

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa ngozi yao ni kavu, hawatoi jasho. Hewa ya jangwani hulikausha papo hapo, na ushahidi wake ni ramani nyeupe ya chumvi mgongoni mwa fulana. Kuhusu kuzoea joto, siku mbili za kufika mapema hazitoshi. Mwili huhitaji takribani siku 10 hadi 14.

Viatu vilivyozidi saizi mbili, vinavyosifiwa kila mahali, huuachia mguu uteleze na kutoa malengelenge. Mchanga huzuiwa na kitambaa kilichoshonwa kuzunguka kiatu chote. Na anayepunguza chakula ili begi liwe jepesi akumbuke kwamba kanuni zimekuwa zikitaka angalau kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango ambacho kwa kazi ile mimi nakiona kidogo.

Dhana ya mwisho haihusu figo, ingawa nayo huniletea wagonjwa: kwamba aliyechangisha fedha za hisani akijitoa njiani amewadhulumu wachangiaji. Mtu wa namna hiyo humficha daktari kizunguzungu chake kwa sababu ameahidi watoto kisima au madawati. Nashauri tangazo la kuomba michango liandikwe wazi tangu mwanzo kwamba fedha zitafika zinakokwenda hata mkimbiaji akiishia siku ya pili, na kwamba ada ya kushiriki na nauli amelipa mwenyewe, kwa kuwa wachangiaji wengi hudhani ada hiyo nayo ni sadaka, ilhali hulipia mbio zenyewe.