"Prodigal" si aliyerudi nyumbani

Nimekutana tena na kosa lile lile kuhusu neno la Kiingereza prodigal, safari hii katika uchambuzi wa The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare ambayo wengi wetu tunaijua kwa tafsiri ya Nyerere ya 1969, Mabepari wa Venisi. Mchambuzi anadai kwamba prodigal ni mtu aliyeondoka kwao, akataabika huko, kisha akarudi. Hapana. Prodigal ni mbadhirifu, basi. Anaweza kuimaliza mali yote akiwa amekaa sebuleni kwa baba yake.

Neno limetoka kwenye Kilatini, prodigus. Katika sheria ya Kirumi lilikuwa neno la mahakamani: aliyetangazwa prodigus aliondolewa usimamizi wa mali yake, akawekewa mtu wa kumsimamia. Wakristo waliotumia Kilatini wakauita mfano wa Luka 15, ule wa kijana aliyetapanya urithi wake, mfano wa filius prodigus, na Waingereza wakalichukua jina hilo. Ndani ya aya zenyewe, Biblia ya King James ya 1611 haina kabisa neno prodigal. Aya ya 13 inasema tu kwamba kijana "wasted his substance with riotous living", yaani alitapanya mali zake kwa maisha ya anasa. Kwa Kigiriki aliishi asotos, na Aristotle anatumia asotia, nomino ya ukoo huo huo, kuutaja ubaya wa kutumia mali kupita kiasi, kinyume cha ubahili. Popote unapochimba, unakuta mali inayotapanywa. Habari ya kurudi imo kwenye kisa. Kwenye neno haimo.

Sisi wa Kiswahili tuna mtego wa ziada. Tumezoea "mwana mpotevu", na tukisikia mpotevu tunawaza kupotea njia, hasa kwa kuwa mwishoni baba anasema mwanawe alikuwa amepotea, naye ameonekana. Lakini mpotevu ni mpoteza mali pia, na aya ya 13 kwa Kiswahili inasema wazi kwamba alitapanya mali zake. Isomeni mpaka hapo kabla ya kukimbilia kukumbatiwa na kuchinjiwa ndama.

Ushahidi mkubwa uko katika onyesho la kwanza la As You Like It, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Kijana Orlando ameachiwa na baba yake kroni (sarafu) elfu moja, na kaka yake Oliver amezikalia. Anamuuliza: "Shall I keep your hogs and eat husks with them? What prodigal portion have I spent, that I should come to such penury?" Nguruwe na maganda vimetoka moja kwa moja kwa Luka. Orlando, hata hivyo, hajaenda popote, na malalamiko yake ni kwamba amefungiwa nyumbani kama mkulima. Hoja yake ni ya hesabu: yule kijana wa Luka alikula fungu lake ndipo akafukara, mimi nimekula fungu gani? Tafsiri prodigal portion kuwa "fungu la aliyepotea" na swali zima linakufa. Sema "ni fungu gani nililolitapanya", na kaka hana jibu.

Rudini sasa Venice. Bassanio anakiri mbele ya rafiki yake, mfanyabiashara Antonio, kwamba maisha yake, "something too prodigal", yamemwacha amefungwa na madeni. Hajatoka mjini bado. Gratiano, rafiki yao mwingine, katika tendo la pili, anaieleza merikebu inayong'oa nanga ikiwa imepambwa bendera, "like a younger or a prodigal", halafu anaielezea inaporudi imekonda, matanga yamechanika, "like the prodigal". Tazameni mpangilio: merikebu ni prodigal tangu inapotoka bandarini. Hapa pana shaka ya kweli. Wahariri wengine huchapa younger, wengine younker, yaani kijana wa kifahari. Mimi naelekea kwenye younger, kwa sababu aliyetapanya katika Luka ni mtoto mdogo, lakini siwezi kumlaumu anayechagua younker.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kupuuza nani anamwita nani prodigal. Shylock, mkopeshaji wa fedha kwa riba, anamwita Antonio "a bankrupt, a prodigal", yaani aliyefilisika, mbadhirifu. Antonio hachezi kamari, wala hafanyi karamu za kufuru. Kosa lake, machoni pa mkopeshaji, ni kukopesha bila riba na kujifunga kwa deni la rafiki. Kile ambacho marafiki wake wanakiona ukarimu, Shylock anakihesabu kuwa ni kumwaga mali. Neno limebeba hukumu ya msemaji, na msomaji anayeliandika "mpotevu" bila kufikiri anaupoteza ugomvi wote wa tamthilia. Mwanauchumi Adam Smith, mwaka 1776, anasema kila prodigal ni adui wa umma. Anazungumza kuhusu mtaji unaoliwa badala ya kuwekwa kazini. Safari na marejeo havimhusu.

Mkilikuta neno hili, ulizeni kwanza: nini kinatoka, na kinatoka kwa nani? Si lazima kiwe fedha. Katika Hamlet, Laertes anamwonya dada yake Ophelia kwamba binti mwangalifu kuliko wote ni "prodigal enough" akiufunulia mwezi uzuri wake. Mara nyingi of hufuata, na kitu kinachomwagwa kiko mbele yake. Katika Love's Labour's Lost, pia ya Shakespeare, mhudumu Boyet anamsihi binti mfalme awe "as prodigal of all dear grace" kama maumbile yalivyokuwa yalipomjalia. Hapo ni sifa tupu, na "mbadhirifu" litaiharibu. Andikeni "asiyebania" au "mwenye kumimina".

Kamusi kadhaa za leo zinakubali maana ya aliyerudi baada ya kutokuwepo. Mwandishi wa michezo akimwita prodigal mchezaji aliyerejea klabu yake ya zamani, sina nguvu za kumzuia, na pengine baada ya miaka hamsini maana hiyo itakuwa ndiyo ya kwanza. Kwa maandishi ya mwishoni mwa miaka ya 1500 na mwanzoni mwa miaka ya 1600, ukiitumia unamsomea Shakespeare maneno ambayo hakuyaandika.

Na kwa wanaodhani spendthrift, neno jingine la Kiingereza la mbadhirifu, ni mtumiaji mwangalifu: thrift hapo ni akiba iliyochumwa, na spend inaila.