Je, wajua kwa nini kipimo cha damu hakioni huzuni kali ya kabla ya hedhi?

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza samaki wadogo wa sambaza sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Siku moja mteja alimwomba apunguze bei. Yaya akamwaga beseni nzima chini, akajifunika kitenge usoni na kulia mpaka soko likaisha. Siku nne baadaye hedhi ilishaanza, naye alikuwa akipima samaki huku akiimba. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Nikamwambia: "Homoni zimekuzidi, nenda upime damu." Majibu yakaja ya kawaida kabisa. Hapo nikakosea mara ya pili: nikaona ni tabia tu.

Madaktari wetu wanauita ugonjwa huu TDPM kwa kifupi cha Kifaransa. Kwa Kiingereza ni PMDD. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Unaharibu kazi na ndoa, na wengine huwaza hata kujiua.

Kwa nini damu haikuonyesha kitu? Fikiria umeme wa avenyu. Unapanda na kushuka kwa nyumba zote. Kwa jirani taa imetulia. Kwako inapepesa na friji inanguruma. Fundi akipima kwenye nguzo, atakuta umeme ni ule ule kwenu wote. Shida iko kwenye nyaya za ndani. Kupima homoni kwenye damu ni kupima nguzo.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililonifungua macho. Kwa dawa, walizima homoni za ovari za wanawake wenye dalili kali, na baadhi yao wakapata nafuu. Hao waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na shida hiyo walifanyiwa vivyo hivyo, na hali yao haikubadilika. Umeme mmoja, nyumba mbili!

Na nyaya zenyewe? Mwili hugeuza projesteroni kuwa alopregnanoloni, ambayo kwa kawaida hutuliza ubongo. Inaelekea ubongo wa wanawake hawa hauendi sawa na kupanda na kushuka kwake, ingawa uchunguzi bado unaendelea. Dawa za serotonini, zile za sonona, huwasaidia wengi, tena mara nyingi ndani ya siku chache badala ya wiki kadhaa. Daktari anaweza kuagiza zimezwe katika wiki mbili za mwisho za mzunguko tu.

Kipimo chenyewe ni kaye na kalamu. Kila jioni, kwa mizunguko miwili, mwanamke anaandika hasira, machozi, usingizi, hamu ya kula na siku ya damu. Daktari anatafuta dalili tano au zaidi zinazokuja wiki ya mwisho kabla ya hedhi na kuondoka muda mfupi baada ya damu kuanza. Mwenye mawazo ya kujiua asingoje kaye ijae, aende leo. Kuondoka huko kwa dalili ndiko kunakoamua, hasa hapa kwetu, ambako vita imewanyima wengi usingizi: huzuni ya vita haingoji tarehe. Katika kaye ya yaya kuna siku sita zilizopakwa wino mweusi, kisha kurasa nyeupe, kisha sita tena.