Ushuru wa soko haulipi mshahara wa mwalimu

Jamani, hii ya kusema mama muuza nyanya akikatiwa risiti ya POS (ile mashine ya kukusanyia ushuru) pale sokoni ndio amemlipa mwalimu na nesi wa kata yake, imezoeleka miaka na miaka ila sio kweli. Halmashauri zetu Tanzania pesa nyingi zinapokea kutoka serikali kuu, mishahara inatoka Hazina. Ushuru, leseni na ada za stendi ndio mapato ya ndani, na humo sheria inataka asilimia 10 itengwe kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kwahiyo choo cha soko kikiziba mbane diwani wako, maana bajeti ya halmashauri anaipitisha yeye na madiwani wenzake.