Fereti, paka na aleji: maswali ya watu wa Kigoma wanaokaa nyumba za kupanga

Haya maswali nimeyakusanya kidogo kidogo, mengine nimeulizwa zahanati, mengine sokoni Mwanga huku nimeshika mfuko wa migebuka, maana ukishajulikana we ni tabibu basi popote ulipo ni kliniki. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yanazunguka mtu yuleyule: ana aleji, anakaa chumba kimoja au chumba na sebule, na anataka mnyama ndani. Na mimi mwenyewe nina pumu tangu shule ya msingi Ujiji, kwa hiyo siongei kama mtu wa pembeni.

Swali: Dokta, mi paka akipita tu napiga chafya mpaka machozi. Sasa nimeona kwenye simu kanyama karefu kembamba kanaitwa fereti, wazungu wanakafuga kwenye maghorofa, wanasema hakaleti aleji. Nikiagiza kamoja nikakae nako hapa Gungu itakuaje?

Jibu: Inaweza kuwa chafya ileile ila ya bei kubwa zaidi. Fereti ni wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere na hata fisi maji wanaoonekana hapa ziwani, watu wa Ulaya walimfuga zamani sana kwa ajili ya kuwinda sungura kwenye mashimo, umbo lake kama bomba lilifaa kazi hiyo. Ni kweli kuna watu wenye aleji ya paka ambao wakikaa na fereti hawasikii kitu, hilo lipo, kwa sababu protini za paka na za fereti sio zilezile. Lakini kutoka hapo mpaka kusema "hana aleji" ni kuruka mto bila daraja. Fereti ana mate, ana mkojo, ana mba za ngozi, na vyote hivyo vina protini zinazoweza kukuamsha usiku kifua kinapiga mluzi. Tena mtu ambaye mwili wake umeshajifunza kuchukia paka ni rahisi kuongeza adui mwingine kwenye listi.

Swali: Kwani aleji si inaletwa na manyoya? Nikipata mnyama asiyepukutika manyoya si yanaisha?

Jibu: Hapa ndo watu wengi wanapotea, naomba nikae kidogo. Unyoya wenyewe hauna shida kubwa, unyoya ni gari tu, abiria ndo mbaya. Mwangalie paka akiwa amelala kwenye godoro lako saa tisa mchana, anajilamba mgongo, anajilamba mguu, anarudia. Mate yanakauka pale juu ya manyoya na ngozi, yanakuwa unga mdogo kuliko vumbi la kawaida, na huo unga ndani yake kuna protini ambayo wataalamu wameipa jina Fel d 1. Paka akinyanyuka akajikung'uta, fungua dirisha jua liingie uone vile vitu vinavyoelea kwenye mwanga, vile haviendi chini haraka, vinaweza kukaa hewani masaa. Vingine vinashika pazia, nguo, chandarua, nywele za mtoto anayekwenda nazo shule akakae na mwenzake mwenye pumu.

Ndo maana mtu anamtoa paka leo, kesho anarudi kuniambia "mbona bado napiga chafya, basi sio paka". Ni paka. Kwenye nyumba yenye godoro na makochi ya kitambaa hizo protini zinaweza kubaki miezi minne mpaka sita baada ya paka kuondoka. Kwa hiyo mnyama mwenye nywele fupi, ndefu, au asiye na nywele kabisa, wote wana ngozi na wote wana mate.

Swali: Tuseme aleji haipo. Fereti anaweza kuishi Kigoma?

Jibu: Kwa shida. Fereti hana uwezo mzuri wa kutoa jasho, joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzidiwa na kufa, na wewe unajua chumba cha bati bila silingi bodi mwezi wa tisa saa nane mchana kinakuaje, hata sisi tunakimbilia kwenye mwembe. Wenzetu wanaomfuga wana viyoyozi. Alafu anakula nyama tu, sio ugali na mchuzi kama mbwa wa uswahilini, na tumbo lake linasaga haraka kwa hiyo anataka kula mara nyingi kwa siku. Jike asipohasiwa akaingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, na asimpate, homoni zinapanda mpaka uboho wa ndani ya mifupa unaacha kutengeneza damu na anaweza kufa hivyohivyo. Sasa nani atamhasi hapa? Daktari wa mifugo tunaye, ila amezoea ng'ombe na mbuzi.

Kingine ambacho watu hawajui, fereti anaambukizwa mafua makali ya binadamu na anaweza kukurudishia. Mwaka 1933 wanasayansi wa London walipogundua kirusi cha mafua hayo kwa binadamu waliwatumia hawahawa fereti, na baadaye mtafiti mmoja akapigwa chafya na fereti akaugua. Na kama ulidhani huko Marekani wote wanaruhusiwa, majimbo ya California na Hawaii hawataki kabisa awe mnyama wa nyumbani.

Swali: Na harufu?

Jibu: Ananuka. Ukimwogesha kila siku ngozi inakauka na inatoa mafuta zaidi, ananuka zaidi. Mama mwenye nyumba atakupa notisi.

Swali: Kuna vijana wanaweza kuniletea mtoto wa nguchiro au kicheche kutoka porini, si anafanana tu na huyo fereti? Bure kabisa.

Jibu: Hapana jamani, hapana. Mnyama wa porini hata umlee kwa chupa anabaki wa porini, na kumfuga bila kibali ni kosa la sheria ya wanyamapori. Ila mimi wasiwasi wangu ni kichaa cha mbwa. Jina linasema mbwa lakini nguchiro na kicheche nao wanakipata, na ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote wa namna hiyo, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, hesabu kwa saa sio kwa kukisia, alafu nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo. Usipake mafuta ya mawese, usipake mkaa, usisubiri uone kama mnyama atakufa.

Swali: Mimi paka ninaye tayari, panya wa hapa Katonga wananisumbua na watoto wanampenda. Siwezi kumtoa. Nifanyeje?

Jibu: Sawa, maisha ndo hayo, panya nao mkojo wao unaleta aleji na magonjwa mengine kwa hiyo sikulaumu. Kitu cha kwanza ambacho kingefanyika leo jioni bila hela: paka asiingie unapolala. Sio "asipande kitandani", asiingie. Unalala masaa saba nane pua iko kwenye mto, hapo ndo sehemu ya kupigania. Kama ni chumba kimoja basi alale nje barazani au jikoni, mtengenezee boksi na gunia.

Mashuka na foronya fua kila wiki kwa maji ya moto kama unaweza, yale ya kuunguza mkono, yanaua na wale wadudu wadogo wa vumbi wanaokaa kwenye godoro ambao kwa watu wengi wana shida kuliko hata paka. Godoro litoe juani. Ila chandarua chenye dawa hapo nikuombe, kinashika vumbi na mba kweli lakini usikichemshe wala usikianike juani, kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida mara moja moja na ukianike kivulini, vinginevyo umeondoa aleji umekaribisha malaria.

Kufagia na fagio kavu ni kurusha hivyo vitu hewani upya, nyunyiza maji kwanza au deki na kitambaa chenye maji, na mwenye aleji asiwe ndo mfagiaji. Zulia ondoa, weka mkeka unaoweza kuupiga nje. Watoto wakimshika paka wanawe mikono kabla ya kujigusa macho. Kumwogesha paka kunasaidia siku chache tu alafu yanarudi, kwa jinsi atakavyokukwaruza mi naona haina faida.

Na jiko la mkaa lisikae ndani. Kuna mama alikuja na kijana wake amebanwa kifua, analia na paka wee, kumbe wanabandika maharage ndani mlango umefungwa. Pua iliyochomwa na moshi inachukia kila kitu.

Swali: Nimeze Piriton tu si inatosha?

Jibu: Piriton inasaidia chafya na kuwashwa lakini inalevya, dereva wa bodaboda asimeze alafu apande pikipiki. Cetirizine au loratadine hazina usingizi sana na unameza mara moja kwa siku. Ila zote hizo ni za pua na macho na ngozi, kifua kikianza kubana hazitoshi. Pumu inatibiwa kwa inhela: kuna ya kufungua haraka kama salbutamol, na kuna ya kuzuia kama beclomethasone ambayo unavuta kila siku hata ukijisikia mzima. Watu wanaiacha hii ya pili kwa sababu hawaoni ikifanya kazi palepale, alafu wanamaliza ya kwanza kwa wiki mbili. Mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inayotobolewa kitako inhela ikaingia kaba inafanya kazi ya kile kifaa cha dukani kinachokaa kati ya inhela na mdomo, mwombe nesi akuonyeshe jinsi ya kuitoboa.

Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, usitafute paka yuko wapi, mpe avute salbutamol na muwahishe hospitali, mpe tena njiani.

Swali: Basi nifuge nini?

Jibu: Samaki. Nacheka lakini niko siriasi. Watu wa Ulaya na Marekani wanalipa hela nzuri kuwa na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika kwenye tangi la kioo sebuleni, wanasafirishwa kutoka hapahapa Kigoma, na sisi tunaopanda daladala kwenda Kibirizi tunawaza fereti. Kuna wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, ukisogeza kidole kwenye kioo anatoka kukufukuza, saizi yake kama kidole gumba. Nenda kwanza ukaulize watu wa uvuvi kuhusu kuwavua. Maji ya bomba yetu yanatoka ziwani kwa hiyo wanayazoea, yaache tu kwenye ndoo wazi siku nzima dawa itoke kabla hujayamimina. Samaki hapukutishi kitu hewani. Chakula chake cha unga ndo uangalie, wengine kinawapiga chafya, kwa hiyo kimwagie chini karibu na maji, usikipepete.